Kisu cha Porini: Tazama Mpini Kabla ya Makali

Ndugu msomaji, ukipita sokoni Mpanda utaona visu vimepangwa juu ya turubai, vinang'aa kama kioo, na muuzaji anakata karatasi mbele yako ili ushangae. Usishangae. Kisu chochote kipya hukata karatasi. Jiulize kitakuwaje siku ya tatu porini, nawe uko mbali na nyumbani, mkono umelowa asali.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Mwaka juzi mimi na shemeji yangu tulikwenda kurina asali katika msitu wa kijiji, nje ya hifadhi. Nilikuwa na kisu kipya cha shilingi 3,000, chenye mpini mweusi wa plastiki. Nilipokitia penye kifuniko cha mzinga ili kukibandua, mpini ulilegea, ubapa ukageuka na kunichana kiganja. Shemeji alinifunga kwa kipande cha shati lake, tukatembea saa tatu mpaka zahanati. Asali ya mizinga minne tuliiacha huko. Baadaye niliupasua mpini ule: chuma kilichoingia ndani kilikuwa kama nusu ya kidole, tena kimeshikwa kwa gundi tu.

Chuma hicho kiingiacho mpinini huitwa msuka, na ndicho cha kutazama kwanza. Kisu kilicho bora ni cha chuma kimoja tangu nchani hata mwisho wa mpini, na vipande viwili vya mti vimebanwa huku na huku kwa misumari iliyopenya na kufyatwa pande zote mbili. Hicho hakifichi kitu, maana chuma wakiona kwa macho ukingoni mwa mpini. Ikiwa msuka umefichwa, uliza urefu wake. Kisha shika ubapa kwa kitambaa kizito, ugonge mpini polepole juu ya ubao. Ukisikia unacheza, rudisha kisu. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kisu cha kukunja ni chema mfukoni, kwa kumenya chungwa. Lakini mchanga huingia katika kiungo chake, na ukisukuma kwa ncha chaweza kujikunja juu ya vidole vyako.

Vijana wengi hupenda kisu kirefu, ati kinatisha. Kwa kazi gani? Kuni na fito ni kazi ya panga. Huko Uswidi, katika mji wa Mora, hutengenezwa visu vya bei nafuu ambavyo wakulima na maseremala wamevitumia kwa vizazi vingi, na ubapa wake wa kawaida hauzidi sana sentimita 10. Urefu huo, sawa na upana wa kiganja cha mtu mzima, watosha kuchuna mbuzi, kupasua samaki, kukata kamba na kuchonga kigingi.

Sasa chuma chenyewe. Jirani zetu wa Ufipa walikuwa mabingwa wa jambo hili. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyoitwa malungu, bila hata kuvukuta, kisha wahunzi wakafua majembe, mashoka na visu. Kazi ile ilikufa majembe ya Ulaya yalipojaa madukani. Wahunzi wa siku hizi hutumia vyuma vikuukuu, na kilicho bora ni springi ya gari, kwa kuwa hukubali kutiwa ugumu motoni na kushika makali. Kisu cha nondo au cha bati la pipa hupinda na kuwa butu upesi, hata kikinolewa namna gani. Omba tupa, usugue kidogo karibu na makali. Tupa ikiteleza, au ikiuma kwa shida, chuma ni kigumu. Ikiuma kama inavyouma msumari, weka fedha yako mfukoni. Na ukishanunua, usikichokonolee makaa ya moto kamwe. Chuma kikipata joto jingi ugumu wake hutoka, nawe utamlaumu mhunzi bure.

Mpini wa mninga wafaa sana, kwani haupasuki upesi. Ala ya ngozi usiikose, hasa wewe upandaye baiskeli au pikipiki na kisu kiunoni.

Neno moja kwetu sisi wa Sitalike. Hifadhi ya Katavi imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1974, na sheria yakataza kuwa na silaha ndani yake bila kibali. Watu wamefikishwa mahakamani kwa panga au kisu tu. Kwa kuwa barabara ya Kibaoni yapita mle ndani, ukisafiri funga kisu chako ndani ya mzigo, wala usishuke njiani kukata fito.

Kisu changu cha sasa nilifuliwa na mhunzi kwa shilingi 8,000 pamoja na ala. Si kizuri wa kutazama. Ubapa ni mweusi na una alama za nyundo. Shemeji alikiazima mwezi wa Juni, akaenda nacho kurina, na mpaka leo hajakirudisha.