Kuitunza Nyumbani Motokaa ya Zamani

Katika mji wa Abingdon, Uingereza, ziliundwa motokaa ndogo za mwendo wa kasi, zenye paa la kukunjwa, ziitwazo MGB. Kazi hiyo ilianza mwaka 1962 ikakoma mwaka 1980. Nyingi zingali barabarani, na wenyewe huzitunza kwa mikono yao, kwa kuwa injini yake ya silinda nne si vigumu kufahamika.

Hata hivyo, urahisi huo usimdanganye mtu. Jeki ni chombo cha kuinulia gari, si cha kulishikilia. Kabla ya kuingia chini yake, lisimamishe mahali pagumu palipo sawa, zuia magurudumu yasibingirike, kisha uliegemeze juu ya stendi imara za chuma. Asiyefanya hivyo ameweka roho yake rehani.

Ukitaka kubadili mafuta ya injini, ipashe moto kidogo kwanza, maana mafuta ya moto hutiririka upesi na kuchukua takataka. Usiyamwage ardhini, kwani huharibu udongo na maji. Kisha tazama kabureta mbili za SU. Kila moja ina kifuniko kidogo juu, na ndani yake hutiwa mafuta kidogo. Yakikauka, gari hushtuka-shtuka linapoongezwa mwendo. Plagi nazo zisafishwe, na nafasi yake iwe inchi 0.025. Maungio ya magurudumu ya mbele yatiwe grisi kila maili 3,000, magurudumu yakiwa yameinuliwa ili grisi ipenye.

Katika betri yapasa kuangalia sana. Magari ya kwanza, hadi 1967, waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Yaliyofuata yalifungwa ule wa hasi. Kukosea ni kuharibu vyombo vya umeme.

Jambo kubwa kuliko yote ni breki. Mafuta yake hufyonza unyevu wa hewa. Breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu, maji hayo huchemka na pedali huzama bila nguvu. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kamwe, kwani huenda lina asbesto iletayo saratani. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Mwisho, andika katika daftari tarehe, maili, na kazi uliyofanya. Usiposhika daftari, gari litakukumbusha lenyewe, tena njiani.