Anwani za kompyuta ofisini: kazi ya mkono inayoleta hasara

Wafanyabiashara wengi wanapofungua ofisi huanza na kompyuta mbili au tatu na printa moja. Fundi huziunganisha kwa kebo, huandika anwani ya kila moja kwa mkono, hulipwa na kuondoka. Mpango huo huenda vizuri mpaka biashara inapokua. Kompyuta zikifika 15 au 20, pamoja na simu za mkononi za wafanyakazi, anwani huanza kugongana, printa haionekani, na ankara anayoisubiri mteja haitoki.

Hasara ya namna hii haiandikwi katika daftari la matumizi, lakini ipo. Wakala wa forodha aliyeshindwa kutuma nyaraka asubuhi kwa sababu kompyuta ya hesabu "imepotea" anaweza kujikuta siku za bure za kuhifadhi kontena zimekwisha na tozo zimeanza kuhesabiwa. Dawa yake si kununua kompyuta mpya. Ni kuongeza huduma mbili katika mtandao uliopo: moja ya kugawa anwani, nyingine ya kutafsiri majina.

Namba zisizolipiwa

Kila chombo katika mtandao hutambuliwa kwa namba, mfano 192.168.1.25. Tangu Februari 1996 yapo mafungu matatu ya namba yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za 172.16 hadi 172.31. Ofisi yoyote inaweza kuyatumia bila kulipa wala kuomba kibali. Fungu dogo la kawaida hutosha vyombo 254.

Tatizo huanza vyombo viwili vinapopewa namba moja. Hapo mawasiliano hukatika mara kwa mara bila sababu inayoonekana, na fundi anaweza kumaliza siku nzima akikagua kebo zisizo na kosa lolote.

Anwani kwa mkataba

Huduma ya kugawa anwani huitwa DHCP. Kanuni zake zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1993, na zile zilizozoeleka zaidi ni za mwaka 1997, zote zikiwa zimeandikwa na Ralph Droms wa Marekani.

Utaratibu wake ni kama wa nyumba ya wageni. Kompyuta ikiwashwa hupaza sauti ikiuliza nani anagawa nafasi. Seva hujibu kwa kuonyesha namba iliyo wazi, kompyuta huiomba, na seva huithibitisha na kuiandika. Namba hutolewa kwa muda maalumu, na ikifika nusu ya muda huo mpangaji huomba kuongezewa. Asiporudi, nafasi hupewa mwingine baada ya muda kwisha.

Kwa ofisi inayopokea wageni wengi wenye simu, muda wa saa chache unafaa. Kwa kompyuta za mezani, siku moja au zaidi haina neno. Mwenye ofisi akiona kompyuta imejipa namba inayoanza na 169.254, ajue kwamba haikupata jibu la seva.

Majina badala ya namba

Huduma ya pili ni DNS, inayotafsiri jina kuwa namba. Iliasisiwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, na sababu yake haina tofauti na ya ofisini leo. Kabla yake, majina ya kompyuta zote za mtandao wa Marekani yaliwekwa katika faili moja lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford, na kila kituo kilinakili. Orodha ilipokua, nakala zikawa hazilingani.

Ofisi yenye DNS yake huziita seva na printa kwa majina, mfano hesabu au stoo. Seva ya hesabu ikihamishwa, namba hubadilishwa mahali pamoja tu, na wafanyakazi hawagusi kitu. Aidha, seva hukumbuka majibu ya majina ya nje kwa muda, hivyo tovuti inayofunguliwa na watu kumi haiulizwi nje mara kumi. Hilo haliongezi kasi ya laini ya intaneti, ila hupunguza kusubiri. Kwa mwisho wa majina ya ndani, .internal ilitengwa rasmi mwaka 2024. Kujitungia mwisho mwingine ni hatari, kwani unaweza kuwa mali ya mtu.

Gharama

Programu si ghali. Dnsmasq, iliyoandikwa na Simon Kelley, hufanya kazi zote mbili na ni ya bure. Rauta nyingi za kawaida nazo huja na huduma hizo ndani yake. Kwa mitandao mikubwa zipo BIND na Kea za shirika la ISC, nazo ni za bure. Fundi akileta programu ya zamani ya DHCP ya shirika hilo, aulizwe sababu, maana matunzo yake yalikoma mwaka 2022.

Gharama halisi ni siku za fundi na betri ya akiba ya umeme. Seva ikizimika, wenye anwani huendelea nazo mpaka muda uishe, lakini majina hukoma mara moja.

Kosa linaloharibu kazi hii ni kuacha namba za zamani zilizoandikwa kwa mkono ndani ya fungu linalogawiwa. Kwanza ziorodheshwe zote. Kisha namba 1 hadi 49, kwa mfano, ziachiwe rauta, seva na printa, na 50 hadi 200 zigawiwe. Printa inaweza pia kuwekewa namba yake ya kudumu kwa kutumia namba ya kiwandani. Simu za miaka ya karibuni hubadili namba hiyo, hivyo zisitegemewe kwa njia hii.

Hatari ya kuangaliwa

Anayeshika majina anashika mlango wa benki. Mfanyakazi akichomeka rauta yake bila ruhusa, rauta hiyo nayo huweza kugawa anwani na kuvuruga ofisi nzima. Mwenye nia mbaya huweza kuelekeza jina la benki kwenye ukurasa bandia.

Si jambo la kubuni. Programu haramu ya DNSChanger ilibadili mipangilio ya majina katika kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Wahusika walipokamatwa Novemba 2011, serikali ya Marekani ilisema walikuwa wamejipatia dola milioni 14 au zaidi.

Mwenye biashara anashauriwa kubadili neno la siri la rauta aliloikuta nalo, kuhakikisha watu wawili wanajua mpangilio, na kuweka orodha ya anwani kwenye karatasi ndani ya kabati. Kazi yenyewe ifanyike mwisho wa wiki, na fundi asilipwe salio kabla ya kila kompyuta kuwashwa upya na kutoa ankara moja ya majaribio.