Bunduki ya Kushindilia: Jinsi ya Kuinunua na Kuijaribu kwa Salama

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Thika, akiisha kupita Githurai, huona Chuo Kikuu cha Kenyatta upande mmoja wa njia, na upande wa pili mtaa wa Kahawa Sukari. Mahali penye chuo hicho palikuwa kambi ya askari wa Kiingereza, iliyoitwa Templer, mpaka ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Siku hizi pana wanafunzi, na pande zote zimejaa nyumba, maduka na watoto waendao shule.

Mathalani, karani mmoja aliyestaafu, mkaaji wa Kahawa Sukari na mpenda vitu vya kale, apate habari ya bunduki ya kushindilia inayouzwa. Naye ataka si kuitundika ukutani tu, bali kuisikia ikilia. Yampasa afanye nini? Swali hili si la mchezo, kwa maana bunduki kama hiyo yaweza kumtoa mtu jicho au mkono kwa dakika moja, na kosa lenyewe huwa limefanyika siku nyingi kabla, siku aliyoinunua bila kuitazama.

BUNDUKI HII NI IPI?

Wazee wa pwani walizitambua bunduki kwa namna zinavyowashwa. Ya mrao iliwashwa kwa utambi. Ya gumegume kwa cheche za jiwe. Ya fataki kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ilipukayo ikipigwa. Na ya viasi hutiwa risasi kwa nyuma. Zile tatu za kwanza hushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha risasi, na vyote hukandamizwa kwa mdeki.

Dawa hiyo ya kulipuka iliingizwa katika kazi ya bunduki na kasisi wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807. Husimuliwa kwamba alikuwa mwindaji wa ndege, akaudhika kuona ndege wakishtuka kwa mwako wa gumegume na kuruka kabla risasi haijatoka. Baadaye fataki za shaba zikaenea, na bunduki ikaweza kulia hata katika mvua.

Bunduki ya fataki iliyopata sifa kuu ni Enfield ya mwaka 1853. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa sentimeta 99, na ndani yake mlikuwa na mifereji mitatu yenye kuzunguka. Risasi ilikuwa na shimo nyuma. Baruti ilipowaka, risasi hutanuka, ikakamata mifereji na kutoka ikizunguka, isipotee njia. Ndiyo bunduki ambayo uvumi juu ya mafuta ya viasi vyake uliwasha ghasia kubwa ya askari wa Bara Hindi mwaka 1857.

Katika Afrika ya Mashariki bunduki za kushindilia zilipanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu kutoka Unguja na Bagamoyo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza bunduki za namna mpya zisiletwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha nafasi kwa zile za gumegume. Hivyo wenyeji walibakiwa na silaha za kale huku majeshi ya wakoloni yakiwa na bunduki za viasi na mizinga ya bombomu. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, tofauti hiyo ilionekana kwa damu. Huko Tanzania bunduki hizi huitwa magobore, na mafundi wa vijijini wamezitengeneza hata kwa mabomba ya maji.

KWANZA CHETI

Karani wetu asitoe fedha kabla ya kwenda kwa wenye mamlaka. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hukihesabu kuwa silaha chombo chochote chenye mtutu kiwezacho kutoa risasi na kuua. Mtu asidhani kwamba uzee wa bunduki ni ruhusa. Tena uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977. Basi shabaha yake iwe karatasi, wala asiipige nyuma ya nyumba yake mtaani. Mahali pake ni kiwanja cha shabaha kilichoruhusiwa, kama kile cha Kirigiti, Kiambu.

KUITAZAMA

Jambo la kwanza ni kujua kama imeshindiliwa. Mdeki utiwe mtutuni mpaka ukome, utiwe alama penye mdomo, kisha utolewe na kulazwa nje sambamba na mtutu. Ukionekana umekomea mbali na mahali pa fataki, mna kitu ndani. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Bunduki iliyosahauliwa darini tangu zamani za babu yaweza kumwua mjukuu. Ikiwa hivyo, ipelekwe kwa fundi wa bunduki, wala mtu asijaribu kuichoma ili itoke.

Pili, zitafutwe alama za majaribio. Kampuni ya mafundi wa London ilipata hati yake mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham iliwekwa kwa sheria mwaka 1813. Kila mtutu ulipigwa humo kwa baruti nyingi kupita desturi. Uliosalimika uligongwa alama. Alama hiyo husema kwamba mtutu ulikuwa mzima siku ile. Haisemi kitu juu ya kutu iliyokuja baadaye. Gobore la bomba halina hata ushahidi huo. Bomba lilifanywa lichukue maji, si moto; hilo litundikwe tu.

Tatu, utazamwe mtambo. Nyundo ikivutwa nusu, isianguke hata kifyatuo kikivutwa. Ikivutwa yote, isianguke kwa kusukumwa na kidole gumba. Chuchu ya chuma ivikwayo fataki isiwe imelegea wala kulika. Mti wa kitako usiwe na ufa. Kasoro moja katika hizi yatosha kuahirisha biashara.

KUIJARIBU

Fundi akisharidhika, bunduki haiwekwi begani mara moja. Hufungwa imara juu ya mifuko ya mchanga, mdomo ukielekea ukingo wa udongo, na kifyatuo huvutwa kwa kamba ndefu, watu wote wakiwa wamejificha nyuma ya kizuizi. Baruti iwe nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu nyingine kabisa, na kiasi kidogo chake hupasua mtutu wa kale. Kipimo kianze kidogo, wala kisipite agizo la fundi.

Risasi ishuke mpaka ikae juu ya baruti. Ikiachwa katikati ya njia, nafasi ile tupu yaweza kupasua mtutu. Ndiyo sababu mpigaji mwenye busara hutia mdeki wake alama ya kipimo. Baruti haimiminwi kutoka pembe moja kwa moja, kwa sababu cheche iliyobaki ndani yaweza kuilipua pembe mkononi. Fataki huvikwa mwisho wa yote. Na fataki ikilia bila bunduki kulia, mdomo usiondolewe penye shabaha kwa muda wa dakika nzima, maana moto huweza kukawia.

Bunduki ikisalimika mara kadhaa kwa kamba, na fundi akiisha kuitazama tena, ndipo mwenyewe aiweke begani, amevaa miwani na kuziba masikio. Aanze meta 25, apige mara tatu, atazame matundu kabla hajaenda mbali. Matundu yakikusanyika pamoja, hata kama ni kando ya shabaha, bunduki ni njema na marekebisho ni madogo. Yakitawanyika, mifereji imelika, au risasi haimfai mtutu.

Jioni kazi haijaisha. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na usiku mmoja watosha kuleta kutu. Mtutu huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa vizuri, kisha hupakwa mafuta.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Karani atakayefuata taratibu hizi atarudi Kahawa Sukari amechoka, nguo zikinuka moshi, na mikono myeusi. Lakini ataihesabu vidole vyake vyote kumi.