Picha za zamani za Kongwa: tuzisome vipi?

Ndugu msomaji, ulipomaliza kisomo ulikwishajua kusoma maneno. Leo hebu tusome kitu kisichokuwa na maneno, yaani picha ya zamani. Tuchukue picha za ujenzi wa mji wa Kongwa, huko bara, mkoa wa Dodoma. Kongwa iko mbali na bahari, ni nchi kavu ya Wagogo. Mtu wa Kojani atauliza, yanatuhusu nini hayo? Subiri kidogo, utaona.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kupikia. Hata chakula walikuwa wakigawiwa kwa kadi. Mwaka 1946 walituma wataalamu Tanganyika. Wataalamu hao walizunguka kwa wiki 9, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka juu, katika ndege. Wakashauri ilimwe karanga, ekari zaidi ya 3,200,000. Tulipime jambo hili kwa kipimo chetu. Kisiwa chote cha Pemba, pamoja na mawe yake na mikoko yake, ni kiasi cha ekari 244,000. Basi ni kama kulima Pemba 13, karanga tupu!

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Porini palichomoza mji. Palikuwa na mahema kwanza, kisha nyumba, karakana za kutengeneza matrekta, hospitali, na njia ya reli iliyochepuka kutoka reli ya kati. Picha zilipigwa nyingi sana. Kwa nini? Kwa sababu fedha zilizotumika zilikuwa za wananchi wa Uingereza, na serikali yao ilitaka waone kuwa kazi inakwenda. Nyingi ya picha za serikali ya kikoloni leo zimewekwa London, katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza.

Sasa tazama picha zenyewe. Utaona tingatinga likiangusha mti. Utaona vijana wa Kiafrika wakifundishwa kuendesha trekta. Baadhi ya matrekta hayo yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Na kuna kitu ambacho mvuvi wa Kojani atakitambua kabla ya mtu mwengine yeyote: mnyororo wa nanga ya meli. Walifunga ncha moja kwenye tingatinga hili na ncha nyengine kwenye tingatinga lile, kisha yote mawili yakaenda sambamba na kulivuta pori, kama sie tunavyoburura wavu. Inasemekana mnyororo ulipoagizwa, bwana mmoja ofisini London alidhani ni mzaha. Nanga porini?

Hayo ndiyo yaliyomo pichani. Lakini msomaji hodari hujiuliza pia, kitu gani hakimo?

Picha haioneshi kuwa udongo wa Kongwa, mvua ikikatika, hukauka ukawa mgumu kama saruji. Majembe ya matrekta yalivunjika, na karanga zilizokomaa zikakataa kung'oka. Picha haioneshi mvua isiyonyesha. Wenyeji walikuwa wanaijua nchi yao, lakini wazee wa Kigogo hawakuulizwa sana. Mwaka wa kwanza walitaka kupanda ekari 150,000. Walizopanda ni kiasi cha ekari 7,500 tu. Mwaka huo huo wa 1947 wafanyakazi waligoma kwa sababu ya mishahara na maisha magumu. Mpiga picha wa serikali hakutumwa kupiga hayo.

Na majina hayamo. Chini ya picha mara nyingi utakuta jina la bwana mkubwa, na yule aliyeshika usukani ameandikwa "dereva wa Kiafrika" basi. Alikuwa na mama aliyempa jina, na pengine wajukuu wake wapo hai. Mimi jambo hili hunikera kuliko hasara ya fedha.

Fedha nazo zilipotea, kiasi cha pauni milioni 36. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaacha mpango ule. Majumba ya Kongwa yakabaki, na kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi hapo. Na kama umewahi kufika Mtwara ukaiona bandari ile yenye kina kirefu, basi ujue ilijengwa ili kupakia karanga za Nachingwea, shamba jengine la mpango huo huo. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa, bandari ikabaki.

Sasa turudi Kojani. Mzee mmoja alinionesha picha aliyopigwa dagoni ujanani. Wamesimama watu saba mbele ya ngalawa. Nikamwuliza majina. Alitaja manne, wa tano akamkumbuka kwa jina la utani, wawili akawatazama kwa muda mrefu, akanyamaza. Nyuma ya picha palikuwa peupe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, toa picha zako sandukuni. Zitazame pamoja na wazee. Andika nyuma: nani, wapi, mwaka gani, kazi gani. Tumia penseli laini na usikandamize, maana wino wa kalamu huweza kupenya ukaharibu uso wa picha. Usiitundike juani. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu, kwani hewa yetu ya bahari huleta ukungu na picha zikagandana. Bora bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko.

Yule mzee alikopa penseli yangu pale pale. Aliandika majina matano, herufi moja moja. Kwa wale wawili aliacha nafasi, akasema atakwenda kumwuliza dada yake ng'ambo.