Samaki Hufuata Majira

Wengi wetu wa hapa Maili Moja tumewaona wavuvi wa mto Ruvu. Mwezi huu mvuvi hutupa ndoana mahali fulani akajaza tenga lake; miezi mitatu baadaye hutupa pale pale akarudi mikono mitupu. Wako wasemao kuwa ni bahati. Lakini elimu ya viumbe yatufundisha kuwa samaki hufuata mambo matatu: joto la maji, hewa iliyomo majini, na chakula. Ajuaye hayo matatu ajua mahali pa kumtafuta.

Tutazame kwanza ziwa lenye kina kirefu, kama lile la Kariba, baina ya Zambia na Zimbabwe, ambalo ukuta wa bwawa lake una kimo cha mita 128. Wakati wa joto jua hupasha maji ya juu. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hukaa juu kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Majani na mizoga huzama chini, na vijidudu viozeshavyo hutumia oksijeni mpaka ikaisha. Basi huko chini samaki hawezi kuishi, na mvuvi ateremshaye wavu hadi huko apoteza kazi yake bure. Yafikapo majira ya baridi, mwezi wa Juni na Julai, maji ya juu hupoa yakawa mazito, upepo huyakoroga, na hewa hushuka tena chini.

Sasa tumtazame samaki aitwaye besi. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Ni wa rangi ya kijani, na mdomo wake ni mkubwa hata pembe yake hupita jicho. Hula samaki wadogo, vyura na kamba. Huko kwao, baridi kali inapokwisha na maji kufikia nyuzi 16 hadi 20 za sentigredi, huja kwenye maji machache kutaga, na dume hulinda mayai. Wakati wa joto hushuka kina, lakini hakai chini palipokosa hewa. Majira ya majani kupukutika huwafuata samaki wadogo kwenye vihori. Wakati wa baridi hutulia kilindini na kula kidogo.

Kwa sababu hiyo wavuvi wa huko walihitaji chambo kiwezacho kwenda kila kina. Viko vyambo bandia vyenye kibao kidogo mbele, kama mdomo, kinachokizamisha chambo kinapovutwa; lakini kila kimoja kina kina chake. Chambo kisicho na mdomo ni cha namna nyingine. Ni samaki bandia bapa wa plastiki, mwenye uwazi ndani, na humo mna vigololi vya chuma. Mshipi hufungwa mgongoni. Kikitupwa chazama chenyewe, na mvuvi huhesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kina atakacho, kisha huvuta. Hapo chambo hutetemeka na vigololi huliza njuga. Samaki husikia mtikisiko huo kwa mstari wa ubavuni mwake, hata katika maji ya tope. Maji yakiwa na uvuguvugu mvuvi huvuta upesi. Yakiwa baridi huvuta polepole, kwa maana samaki naye ni mzito.

Je, Afrika ya Mashariki yuko besi? Yuko. Aliletwa ziwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya 1920. Huko hakuna baridi ya Ulaya, na sehemu kubwa ya ziwa si ya kina kirefu, hivyo kalenda ya Marekani haifai. Chakula chake kikubwa kimekuwa kamba wekundu walioletwa mwaka 1970, ambao nao asili yao ni Marekani.

Lakini tusione uzuri wa mchezo tukasahau hasara. Besi alipelekwa Afrika ya Kusini mwaka 1928, na katika mito ya Rasi amewamaliza samaki wadogo wa asili mahali pengi. Sangara naye alitiwa katika ziwa Viktoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka. Sisi nasi tunalo ziwa jipya: Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye ukuta wa mita 131, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Katika mto huo yumo samaki mwenye meno marefu, Hydrocynus tanzaniae, ambaye hajulikani nje ya mito ya Tanzania. Huyo aushambulia mshipi kwa nguvu kama besi. Basi asithubutu mtu kututilia samaki mgeni kwa ajili ya mchezo, akishatiwa, hatoki.

Atakaye kujifunza na aanze na daftari, kipimajoto na kamba. Na aende pamoja na mtu mzima, penye kisima au bwawa lisilo na mamba, apime joto la maji ya juu na ya chini kila juma, na kuandika. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kalenda yake mwenyewe, iliyo bora kuliko maneno ya bahati.