Vigunduzi vya Gesi: Kuhesabu Nyutroni Bila Kupoteza Hesabu

Takriban nusu ya atomi za protini ni hidrojeni, na mara nyingi atomi hizo huamua namna dawa inavyoshikamana na kimeng'enya inachokilenga. Eksirei huziona kwa shida, kwa sababu hutawanywa na elektroni, na hidrojeni ina elektroni moja tu. Nyutroni hutawanywa na kiini cha atomi, hivyo huidhihirisha hidrojeni. Kwa njia hiyo, mwaka 2020 watafiti wa Oak Ridge, Marekani, walibainisha hidrojeni katika kimeng'enya kikuu cha kirusi cha UVIKO-19. Kinachopigwa nyutroni ni fuwele ya protini, wala si mgonjwa.

Nyutroni haina chaji ya umeme. Hupita katika gesi ya kawaida bila kuacha alama. Kwa miongo mingi ilinaswa kwa gesi ya heliamu-3. Mnaso huo hutoa chembe mbili zenye chaji, ambazo hung'oa elektroni katika gesi. Waya mwembamba wenye volti kubwa huzikusanya na kutoa mpigo mmoja wa umeme. Hata hivyo, heliamu-3 hutokana na kuoza kwa tritiamu, na kufikia mwaka 2009 ilikuwa imeadimika. Uhaba huo uligusa pia utafiti wa picha za MRI za mapafu, uliotumia gesi hiyohiyo.

Tatizo la pili ni kasi. Baada ya kila mpigo, kigunduzi huwa kipofu kwa muda mfupi. Tuseme upofu huo ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nyutroni 10,000 zikifika kwa sekunde, hupotea takriban 1 katika kila 100; zikifika 1,000,000, hupotea nusu. Kifaa hakitoi onyo lolote, na ramani ya protini hupotoka palepale penye ishara kali zaidi.

Kwa ajili ya kituo cha ESS kilichopo Lund, Uswidi, wahandisi wamebuni kigunduzi kiitwacho Multi-Blade. Humo nyutroni hunaswa na boroni-10 iliyopakwa kwa utando mwembamba juu ya mabamba yaliyolazwa kwa nyuzi 5 tu kuelekea mwali. Mlalo huo huongeza nafasi ya mnaso na kuutandaza mwali juu ya eneo kubwa. Kila waya husomwa peke yake, hivyo mzigo hugawanywa.

Kigunduzi hujaribiwa kwa kuongeza nguvu ya mwali hatua kwa hatua. Mwali ukiongezwa maradufu, hesabu nayo sharti iongezeke maradufu. Inapoanza kubaki nyuma, hapo ndipo ulipo mpaka wa kuaminika kwake. Hupimwa pia iwapo hakidanganywi na mionzi ya gama.

Kanuni hiyohiyo yahusu hospitali. Baadhi ya vipima mionzi vya Geiger, vikizidiwa na mionzi mikali, huonyesha kiwango cha chini au hata sifuri. Kwa hiyo mhudumu akiwashe kipimo akiwa mbali, aangalie kinavyopanda anaposogea, na ajue kikomo chake kilichoandikwa na mtengenezaji. Kikishuka ghafla karibu na chanzo, arudi nyuma na kumwarifu msimamizi wa usalama wa mionzi. Kipimo kilichonyamaza si ushahidi kwamba mahali pale ni salama.