Mwenye Siku Chache Apunguze Masafa, Asiongeze Mbio

Swali hili tumeulizwa mara nyingi, na wanaotuuliza ni watu wa aina moja: mtumishi wa serikali aliyepata likizo fupi, mwana wa Pemba akaaye Unguja au Dar es Salaam aliyekuja kuwatazama wazee, au mgeni wa kikazi aliyebakiwa na siku chache kabla ya kurejea kwake. Wote hutwambia maneno yale yale: "Nina siku nne. Nataka kukiona kisiwa kwa mashua, taratibu, bila ya kukimbizwa. Niipange vipi safari yangu?"

Swali hilo ni jema. Anayekwenda kwa gari kutoka Mkoani hadi Wete hupita mgongoni mwa kisiwa, akaona mikarafuu, migomba na mabonde ya mpunga, asiione bahari ila kwa nadra. Pemba ya majini ni nyingine. Upande wa magharibi umekatwakatwa na hori ndefu zenye mikoko kila ukingo, na mbele yake vimejipanga visiwa vidogo: Fundo, Njao na Kokota upande wa Wete, Misali mkabala na Chake Chake, Makoongwe, Kwata na Panza upande wa Mkoani. Ambaye hajazipita njia hizo kwa chombo hawezi kusema kwamba ameijua Pemba.

Hata hivyo, jawabu yetu huwaudhi waulizaji. Wao wamekwisha kuitazama ramani, wakaona kisiwa chenye urefu wa kilomita 67 hivi, wakagawa kwa siku nne, wakaona hesabu imetimia. Sisi huwaambia: usikizunguke kisiwa. Chagua hori moja, uimalize.

HESABU YA MAJI

Huko Uingereza iko mifereji iliyochimbwa tangu karne ya 18 ili kupitishia makaa ya mawe na bidhaa za viwanda. Baadaye mizigo ilihamia kwenye reli na barabara, na siku hizi mifereji hiyo ni ya watu wa mapumziko, ambao hukodi mashua nyembamba, upana wake mita mbili na kitu, wakaishi humo siku kadhaa. Mwendo wao haupiti maili nne kwa saa, sawa na mtu atembeaye kwa miguu. Njiani yapo malango ya kupandishia na kushushia vyombo, na kila lango lina muda wake wa kungojea. Kwa hiyo mzoefu wa huko hahesabu maili peke yake. Huhesabu maili na malango pamoja, ndipo ajue siku itamfikisha wapi.

Sisi hatuna mifereji ya namna hiyo. Malango yetu ni kujaa na kupwa kwa maji, na mwenye funguo ni mwezi.

Wazee wetu wanaijua hesabu hii bila ya kitabu, lakini vijana wengi wa maofisini wameisahau, basi na tuikumbushe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila usiku na mchana, na kila siku hukawia kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya siku saba hivi mambo hugeuka. Huwa ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na saa ile iliyokuwa ya kupwa huwa ya kujaa.

Atakayeifahamu hesabu hii amekwisha kuipanga nusu ya safari yake. Siku ya bamvua, akiondoka Wesha saa kumi na mbili asubuhi, maji yanayotoka yatamchukua yenyewe hadi mdomo wa hori ya Chake Chake. Akirudi baada ya saa sita mchana, maji yanayoingia yatamsukuma nyumbani. Lakini akiichukua ratiba hiyo hiyo wiki moja baadaye, atakwenda akishindana na maji na kurudi akishindana nayo.

Sisi wenyewe tulilijua hili kwa kukwama. Mwaka mmoja tulikuwa na siku mbili tu, na tulipatana na nahodha tuondoke alfajiri. Mmoja wetu akawa na jambo la kumaliza mjini, tukafika pwani saa tatu. Nahodha, mtu mzima, akatwambia kwamba maji yamekwisha kutoka. Tukamwambia tutamwongeza pesa. Akatutazama, akasema: "Wanangu, mimi mtaniongeza pesa, maji mtayaongeza nini?" Tukamshikilia, naye kwa haya zake akatweka. Haikupita nusu saa tukawa tumekaa juu ya tope katikati ya hori, mashua imelala ubavu, na upondo ukizama bila ya kupata pa kushika. Tulikaa hapo juani hadi saa nane. Hatukudhurika ila kwa kiu na aibu, lakini siku yetu moja katika mbili ilikwisha pale pale.

SIKU NNE ZITUMIKE HIVI

Siku ya kwanza isiwe ya kusafiri. Iwe ya kufika, kumtafuta nahodha wa mahali hapo, kukitazama chombo, kuhakikisha kwamba kila abiria ana jaketi lake la kuokolea, na kuuliza habari za maji na upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari, nao usikilizwe. Ikiwa ni msimu wa kusi na upepo ni mkali, upande wa magharibi ndio wenye kivuli. Upande wa mashariki umeikabili bahari kuu na miamba yake, wala si mahali pa mtu mwenye haraka.

Siku ya pili iwe ya hori yenyewe mpaka Ras Mkumbuu, ambako yapo magofu ya mji uliostawi kabla ya kuja Wareno, wenye msikiti wa mawe na makaburi ya minara. Maji yakiwa yamepwa, msafiri atashuka mbali na kwenda kwa miguu katika tope. Asinung'unike, bali akunje suruali, atembee, akae chini ya mti, ale alichochukua, na angojee maji yarudi. Kungojea huko ndiko mapumziko aliyoyafuata.

Siku ya tatu, hali ikiwa shwari, aende Misali. Kisiwa hiki kimekuwa hifadhi tangu mwaka 1998, nacho kina matumbawe, kasa na popo wakubwa wa Pemba. Wazee husimulia kwamba jina lake latokana na msala, kwa kuwa Nabii Hidhri alipoomba msala wa kusalia akakosa, alikifanya kisiwa hicho kuwa msala wake. Msafiri alipe ada na afuate kanuni za hifadhi, kwani Misali ni riziki ya wavuvi wengi. Hali ikiwa mbaya asiende. Atwae mtumbwi aingie ndani ya mikoko, na hatakuwa amepoteza kitu.

Siku ya nne ni akiba. Hii ndiyo siku ambayo kila mtu hutaka kuiondoa katika hesabu, na ndiyo tunayoitetea kuliko zote. Asiyekuwa na siku ya akiba hurudi hata kama bahari imemkataza. Kazini wanamngojea, boti ya Unguja imekwisha kukatiwa tikiti, naye humlazimisha nahodha. Mwenye siku ya akiba anaweza kusema, "Tulale, tutakwenda kesho."

MAISHA YA WATU

Pengine msomaji atatuona tunalikuza jambo dogo la starehe. La hasha! Haraka ile ile inayomkwamisha mtu topeni ndani ya hori, ikifika bahari kuu huua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake, na mamia walipotea. Hakuna mtaa wa Pemba ambao haukufikiwa na msiba ule. Kila aliyepanda alikuwa na sababu yake ya kutaka kufika siku ile. Haifai kuwalaumu marehemu. Lakini sisi tuliobaki tunapaswa kuuondoa mtindo wa kuzipanga safari za maji kana kwamba bahari ni barabara ya lami.

Kwa hiyo tunayo maneno kwa viongozi wetu. Ratiba za ziara katika visiwa vidogo, kama vile Kojani na Fundo, zitungwe kwa kuyatazama maji kwanza, kisha kalenda ya ofisi. Si sawa kuwakusanya wananchi pwani saa nne ya bamvua, mashua za wageni haziwezi kufika, na wavuvi wamepotewa na siku yao ya kazi. Aidha, tunashauri kila diko libandikwe jedwali la maji kujaa na kupwa, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, pamoja na idadi ya watu ambao kila chombo cha abiria kimeruhusiwa kubeba. Gharama yake ni karatasi na gundi. Na mkuu wa kazi anapompa mtumishi wake ruhusa ya kwenda kisiwani, asimtie hofu kwa kuchelewa siku moja kwa ajili ya bahari. Hofu hiyo ndiyo inayowasukuma watu vyomboni nahodha akiwa hataki.

Kwa wananchi wenzetu tunasema hivi: nahodha akikataa kutweka, msimwongeze pesa. Mshukuruni. Wahenga walisema bahari haishi zinge, nao walikuwa mabaharia kuliko sisi.

Basi ndugu uliye na siku nne, nenda na hori moja. Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 ilichimbuliwa hazina ya sarafu za kale zaidi ya 2,000, utaiona likizo ijayo. Fundo na Njao vivyo hivyo. Visiwa hivyo havihami, vitakungoja.